Mtoto wa Ndugu Yangu Amefungwa kwa Umri wa Marehemu

Nina umri wa miaka sitini na sita. Ni mjane, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mzaliwa wa Mombasa, na sasa ninaishi Handsworth, Birmingham. Msimamizi wa ukurasa huu ameniahidi kuwa jina langu halitaonekana, na majina nitakayoyataja si ya kweli. Sikuzoea kuanika mambo ya nyumbani mbele ya maelfu ya watu. Nimeandika kwa sababu nimejaa kinyaa, na sina pa kukitua.

Mdogo wangu, nitamwita Athumani, alipata mtoto wa kiume akamwita Shabani. Mtoto yule alifariki kabla hajatimiza mwaka. Mimi ni mmoja wa waliomwosha. Mkewe alipojifungua mvulana mwingine, zaidi ya miaka miwili baada ya kuzaliwa yule wa kwanza, walimpa jina lile lile la marehemu, kama ilivyo desturi yetu ili jina lisipotee. Katika hilo hakuna aibu. Aibu ni kwamba Athumani hakujisumbua kumwandikisha huyu wa pili. Cheti cha wa kwanza kilikuwepo kabatini, jina ni lile, na wazazi ni wale. Alikitumia kuombea pasipoti, akaja Uingereza na mkewe, huyo mtoto na wadogo zake.

Mimi nilipowasili baadaye, nilimkuta Shabani darasani na wavulana waliompita kimo kwa kichwa kizima. Nilimwambia Athumani arekebishe jambo hilo kabla halijaota mizizi. Alicheka. "Dada, wewe umestaafu kufundisha, kusahihisha hujastaafu!"

Cheti kilipotimiza miaka kumi na minane, mtoto mwenyewe alikuwa na kumi na mitano. Hapo ndipo baba yake alipomtafutia kazi katika ghala moja kule Nechells, zamu ya usiku. Sheria ya nchi hii hairuhusu mtoto wa umri wa shule kufanya kazi kama hiyo. Waliomwajiri waliona pasipoti wakaridhika. Athumani alijua, akanyamaza, na kila Ijumaa alipokea mshahara wa mwanawe bila haya. Huko ghalani Shabani alizoeana na watu wazima, akafuatana nao, wakampora mtu simu. Alikosa, na sitetei kosa lake. Lakini alihukumiwa kama mtu mzima, akapelekwa gereza la vijana waliokwisha kutimiza miaka kumi na minane.

Nilimuuliza wakili mmoja bila kumtaja mtu. Alinieleza kuwa wafungwa walio chini ya umri huo huwekwa mbali na wakubwa na ni lazima wasomeshwe. Wakubwa hupangiwa kazi, na sheria ya kima cha chini cha mshahara haiwahusu wafungwa wanaofanya kazi ndani ya gereza. Kwa hiyo huyu mtoto, ambaye sasa ana miaka kumi na sita, anashinda karakanani akifunga vijiko vya plastiki na vipakiti vya sukari, kwa malipo ambayo hayamtoshi hata kupiga simu nyumbani.

Nilimtembelea. Sauti yake ingali inavunjika. Nilimuuliza wenzake wanamtendeaje.

"Wananiita *baby*," alisema akitazama meza. "Vitu nikinunua, wanachukua. It's fine, Shangazi."

"Si sawa hata kidogo. Nitawaambia umri wako."

Alinishika mkono. "Please, usiseme. Mama atarudishwa. Wadogo zangu pia. Halafu wote watasema ni mimi."

Kutoka huko nilikwenda moja kwa moja Ladywood, nyumbani kwa Athumani. Nilimkuta amejinyoosha kwenye kochi, anakunywa chai.

"Huko anafunzwa kazi," alisema. "Atatoka mwanamume."

"Atatoka mwanamume kwa kunyang'anywa chakula na watu wenye ndevu?"

"Dada, wataka tufukuzwe sote? Huwaoni hao wazee wa Karibiani hapo mtaani kwako? Wamekaa hapa tangu utotoni, na sasa wanaambiwa walete ushahidi kuwa wana haki ya kukaa. Sembuse mimi niliyekuja na cheti cha maiti!"

Aliyatamka maneno hayo kisha akanywa chai yake. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, machozi yanamtoka. Nimefundisha watoto wa walevi na watoto wa wezi, lakini sijaona baba anayemficha mwanawe hai nyuma ya mwanawe aliyekufa.

Sasa imetokea nafasi ya Shabani kutoka mapema, akiwa amefungwa mguuni kifaa cha kufuatilia anakokwenda. Kwa kuwa nyumba ya baba yake ni finyu, gereza limeulizia kwangu. Jumatatu afisa atakuja kukagua chumba na kunihoji kuhusu kijana huyu. Athumani ameniagiza nitaje tarehe ya cheti, na ameongeza kuwa ghalani wamekubali kumrudisha kazini. Zamu ni ya mchana safari hii, akasema, kana kwamba ananifanyia hisani.

Nikiitaja tarehe ile, mtoto atalala kwangu, salama, ila atakuwa ameongezewa umri kwa kinywa changu pia, na baba yake atamtuma tena ghalani. Nikisema kweli, wakili anasema hukumu haitafutika papo hapo. Huenda akabaki ndani wakati wakichunguza, na uchunguzi ukawafikia mama yake na wadogo zake ambao hawakutenda kosa. Na mwenyewe amenisihi ninyamaze.

Ninyi mliolea watoto katika nchi hii, na ninyi mnaozijua sheria zake, msinitumie maneno ya kunipoza. Nitamfungulia mlango afisa huyo, nitamkaribisha aketi, naye ataniuliza Shabani ana miaka mingapi. Nimjibu nini?