Mstari wa Kijani kwenye Kiondo cha Nyanya

Juzi niliingia duka la vifaa vya ujenzi hapa Al Wukair, nje kidogo ya Doha, kutafuta kamba ya kuanikia nguo. Mwenye duka akatupa bunda la kamba za katani juu ya kaunta, na ile harufu ikanipanda puani, harufu ya gunia lililosahauliwa mvuani. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama naumwa. Siumwi, nikamwambia. Lakini nilikuwa nimerudi kuwa mtoto wa miaka tisa, nimeketi sebuleni kwetu, na roho inaniuma kwa wivu.

Msinihukumu haraka. Nilikuwa mtoto wa pekee, nimelelewa huku Doha, na binamu yangu Wakesho alikuwa amenipiku kwa kila kitu bila hata kuvuka bahari. Kwanza alikuwa na jina la nyanya yetu. Katika ukoo wetu jina hilo hupewa mjukuu wa kike wa kwanza, na baba mkubwa, kama kawaida yake, alituwahi. Mimi nikaitwa Mercy, jina la mwalimu mmoja ambaye Mama alimpenda chuoni. Wakesho aliishi na Nyanya kule Taita, alilala naye kitanda kimoja, alijua kusuka kiondo, na Nyanya alimwita "somo". Mimi nikipewa simu niliulizwa habari za shule, kisha nikaombewa baraka. Mgeni naye huombewa vivyo hivyo.

Ndipo baba mkubwa akapiga simu kusema Nyanya ameanza kusahausahau, na Baba akaamua kumleta tukae naye. Siku ya kumpokea nilivaa gauni langu la Ijumaa, siku tunayokwenda kanisani huku. Pale uwanja wa ndege Nyanya alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, akatabasamu tabasamu nililokuwa nikilingoja tangu nizaliwe, akasema, "Somo yangu Wakesho! Na wewe umekuja?"

Baba akacheka, akamrekebisha. Mimi nilinuna njia nzima.

Wukair ya siku hizo ilikuwa nyumba mpya chache na viwanja vitupu, na vumbi lilipita chini ya mlango hata ukiziba kwa taulo. Baba alikuwa fundi wa kompyuta katika mnara mmoja wa ofisi kule West Bay, akirudi usiku. Mama alikuwa nesi wa watoto wachanga na zamu yake iliisha jioni. Basi la shule lilinishusha saa nane mchana, na kuanzia hapo hadi adhana ya magharibi tulikuwa wawili tu nyumbani, Nyanya na mimi. Yeye aliketi mbali na kiyoyozi, amejifunika leso mbili, akisokota katani pajani. Sanduku lake lilikuwa na katani nyingi kuliko nguo, na kiondo alichokuwa amekianza nyumbani.

"Wakesho," aliniita siku ya kwanza, "nipe maji."

"Mimi ni Mercy, Nyanya."

"Ah, Mercy. Karibu, mama. Umekula?"

Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya barazani. Nilimrekebisha mara tatu wiki hiyo, na mara zote tatu nikakaribishwa kama mke wa mchungaji. Mara ya nne aliita, "Wakesho," nami nikaitika, "Bee, Nyanya."

Hapo ndipo nilipopata nyanya. Alinivuta karibu, akanifundisha kusokota uzi, akinishika vidole na kuvipangapanga. Alinisimulia ya watu nisiowajua na kunichekesha hadi tumbo likauma. Nikitoka shule nilipanda ngazi mbio. Lakini wivu haushibi. "Unakumbuka ulivyoteleza kisimani, ukaja umelowa kama kuku?" aliniuliza mchana mmoja. Nikasema nakumbuka. Sikuwako. Mama alizoea kuniambia nikichelewa mezani kwamba asiyekuwepo na lake halipo, basi mimi nikaona methali imetudanganya, maana Wakesho hakuwepo na lake lilikuwa limejaa sahani.

Nilikasirika. Nyanya aliponyoosha mkono na kusema, "Nipe uzi mwekundu," nikampa wa kijani kwa makusudi, ili kiondo kiharibike na nionekane. Akausuka. Akausuka mizunguko mitatu, kwa utulivu, kisha akakiinua kuelekea taa ya ukutani na kuniuliza, "Wekundu umekaa vizuri, somo?"

Nilipunga mkono mbele ya miwani yake. Hakupepesa. Ile miwani ndiyo iliyotudanganya sote, kwa sababu mtu mwenye miwani nani atamuuliza kama anaona? Na Nyanya hakuwa mtu wa kutangaza upungufu wake. Alihesabu hatua za kwenda chooni, alitambua watu kwa mwendo, na chakula alikitafuta kwa kidole akijifanya anajaribu joto lake.

Ningemwambia Mama jioni ile ile. Sikumwambia. Nilipiga hesabu yangu ya kitoto: Nyanya akipata macho, ataona aliyeketi naye ni Mercy.

Basi nikanyamaza, na mambo yakaharibika. Nyanya alitia chumvi kwenye chai. Alilisalimia koti la Baba lililoning'inia mlangoni na kulihimiza likae, mbona limesimama kama askari. Tulicheka mbele yake, na baadaye wazazi wangu hawakucheka. Wakati wa chakula alikuwa akisema, "Wakesho amenisaidia sana leo," na Mama na Baba wakatazamana. Kila nilipoitika "Bee" mchana, jioni ilihesabiwa kuwa kichwa cha Nyanya kimepotea, na mimi nilikuwa pale nikitafuna kuku wangu.

Ijumaa moja baada ya ibada Mama alimpa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa, kama wapimavyo kumbukumbu hospitalini. Nyanya alichora mistari iliyotoka nje hadi kwenye kitambaa cha meza. Mama akamwonyesha picha ya tembo.

"Hii ni nini, Mama?"

"Ni karatasi," Nyanya akajibu kwa heshima zake zote.

Mama alikunja ile picha polepole. Alikuwa ameambiwa kabla kwamba mkwe wake anasahau, basi alitafuta kusahau, na alichokitafuta alikipata.

Kilichonitisha ni kwamba taratibu kikawa kweli. Nyanya aliacha kufungua Biblia yake. Akaacha kuuliza siku gani. Alisinzia mchana, na hadithi alizoanza zikakatikia katikati, akabaki anasokota uzi ambao ulikuwa umeshasokotwa. Mara nyingine alinishika vidole, akasahau kuvipanga.

Jioni moja nilitoka chumbani kwenda kunywa maji, nikawasikia wakiongea jikoni.

"Hawezi kuachwa na jiko," Baba alisema. "Kichwa inaenda, na sisi hatuko. Brother amesema tumrudishe tu. Wakesho amemzoea."

Natamani niwaambie kwamba ni huruma iliyonisukuma mlangoni. Ni lile jina.

"Nyanya hajapotea kichwa," nikasema. "Haoni."

Niliwaletea kiondo, nikawaonyesha mstari wa kijani. Mama alikwenda sebuleni, akamvua Nyanya miwani na kummulika kwa tochi ya simu. Alikaa chini palepale sakafuni na sare yake ya kazini. "Mtoto wa jicho," alisema. "Yote mawili. Na mimi ninajiita nesi." Nyanya akamwambia asilie, kwani yeye mwenyewe alidhani ndivyo uzee ulivyo, mtu anazimiwa taa moja moja.

Habari ya Wakesho sikuisema.

Walimpasua jicho moja, kisha la pili. Siku ya kutolewa kitambaa cha mwisho tulimzunguka. Alimtazama Baba kwa muda mrefu, akasema, "Umezeeka, na hakuna aliyeniambia." Baba alicheka huku akijifuta machozi. Kisha Nyanya akanigeukia mimi.

"Mercy. Kumbe umefanana na mama yako. Karibu, mama, keti."

Nikaketi. Alinitazama kwa adabu, kisha akatazama nyuma yangu, mlangoni.

"Na Wakesho?"

Mama alimgusa Baba mkono. Ningesema pale. Nilifungua kinywa, kikatoka kitu kingine. "Amerudi nyumbani, Nyanya."

"Bila kuniaga?" Na yale macho mapya yakajaa machozi.

Alipona sana. Alisoma Zaburi kwa sauti hadi majirani wakajua ratiba yake, na alichora saa yenye namba zote, akamuuliza Mama kama sasa anaweza kuajiriwa. Lakini si vyote vilivyorudi. Majina kadhaa hayakurudi, wala njia ya kutoka dukani hadi mlangoni kwetu. Nilipokuwa mkubwa Mama alinieleza kwamba akili inalishwa na macho. Yakifungwa muda mrefu inakaa na njaa, na mzee akikaa na njaa hiyo mno, hata ukimwandalia meza hawezi tena kula kama zamani. Kiasi gani kilikuwa umri na kiasi gani ile miezi minne niliyonyamaza, Mama hajui. Nilimuuliza mara moja tu.

Kiondo alikimaliza kwa macho yake mwenyewe. Alipouona mstari wa kijani alicheka. "Wakesho huyu! Alikuwa ananichezea." Hakuufumua. Viza ilipokwisha akakipeleka Taita, akampa Wakesho, kuwa ni shukrani kwa alivyomshika mkono Doha.

Wakesho anakibeba mpaka leo. Tulipomzika Nyanya tulikaa pamoja tukimenya viazi vya waombolezaji, na kiondo kilikuwa miguuni pake. Ni mtu mwema sana, nasikitika kuwaambia.

"Alinishukuru kwa mambo ya Doha mpaka siku ya mwisho," akaniambia. "Na mimi ndege sijapanda. Nilikuwa nasema tu asante, nisimuumize. Kwani alichanganyikiwa hivyo, Mercy?"

Niliutazama ule mstari. "Ni uzee," nikasema, nikachukua kiazi kingine.

Nyanya hakuchanganyikiwa. Kulikuwa na mtoto aliyeketi naye kila mchana, akimpa nyuzi na kumfanya acheke, na alimpenda mtoto huyo mpaka akafa. Huyo ndiye ninayemwonea wivu sasa. Wakesho nilishamsamehe.