Vyombo Vyetu Vimepanda Lori Kabla ya Rangi

Wenzangu, niwieni radhi kwa kimya cha miezi mingi.

Leo nimehamishwa huku nikifagia.

Mafundi rangi walikuwa waje asubuhi kutoka Singida mjini. Tangu alfajiri mimi na mke wangu, Mama Elia, tulitoa kila kitu nje: vitanda, kabati, hata mtungi. Nilikwangua chokaa ya zamani mpaka mkono ukafa ganzi. Habari za mgongo msiulize.

Kisha nikaingia ndani kufagia vumbi.

Nilipotoka, vyombo vyote vilikuwa juu ya lori linalohamishia watu kijiji kipya cha ujamaa.

"Shikamoo, Mwalimu! Hongera!" alisema balozi wetu wa nyumba kumi. "Mwaka mzima umetukatalia kuhama, leo tumekuta umetoa vyombo mwenyewe!"

"Marahaba. Sihami. Ninapaka rangi."

"Rangi? Kwa nyumba ya kuachwa?"

Majirani walicheka. Niliamuru vyombo vishushwe, vikaanza kushuka.

Kitanda kimoja hakikushuka. Mama Elia alikuwa amekikalia humo humo ndani ya lori.

"Baba Elia, miaka yote nachota maji bondeni," alisema. "Huko wamechimba kisima karibu. Wewe baki na rangi yako."

Mbele ya watu wote, niliegemeza ufagio ukutani.

Sasa mafundi rangi wamefika, wameketi kivulini na ndoo zao. Dereva amezima injini. Mama Elia hajashuka.

Ninyi mngefanyaje?

Nitawaandikia tukishaamua. Mpaka leo asubuhi, ningeandika "nikishaamua".