Mguu Niliousingizia

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu na kwa herufi nitakazozikosea. Niliishia darasa la saba, na vidole vyangu vinakakamaa, kwa hiyo ukurasa mmoja unanichukua asubuhi nzima. Nimezoea. Mimi kila mahali nafika wa mwisho, hata kwenye nukta.

Nina ugonjwa wa viungo tangu utotoni. Nyonga na goti la mguu wa kulia havikunjiki, natembea kwa magongo mawili. Mwaka wa tisini na nane mama yangu mdogo, mfanyabiashara wa Kariakoo, alinipeleka Guangzhou, China, nikachomwe sindano za Kichina. Sindano hazikusaidia sana. Nikabaki naye miezi kadhaa akinunua midoli na vitu vya shule barabara ya Yide Lu, kidogo kidogo, mpaka kontena lijae.

Njia ya miguu ya pale inanuka samaki wakavu na kila mtu ana haraka. Wabeba mizigo walinipita, vikongwe wenye vikapu walinipita. Siku moja nilipitwa na mtu anayesukuma kabati. Alilifikisha kabati alikolipeleka, akarudi mikono mitupu, akaenda kuchukua la pili, akanipita nalo tena. Nilicheka peke yangu.

Sasa, bei ya Yide Lu haishuki ukiwa umekaa. Inashuka ukiondoka. Wafanyabiashara wetu wote wanajua: unasema “tai gui”, yaani ghali mno, unageuka, unatoka, huangalii nyuma. Laoban, mwenye duka, atakuita kabla hujafika duka la jirani. Mtu wa miguu mizima anamaliza kazi hiyo kwa hatua sita. Mimi kutoka kaunta hadi mlangoni, chai ingechemka. Na laoban alilazimika kunitazama muda wote huo. Nikifika kwenye madaftari, anabonyeza kalkuleta kunionyesha bei ya chini. Nikifika kwenye mipira, anabonyeza tena. Mlangoni ananifuata.

“Mwanangu, usiharakishe,” mama mdogo aliniambia siku alipogundua jambo hilo.

“Nani, mimi?”

Tukacheka mpaka laoban naye akacheka, bila kujua anachochekea.

Habari zikaenea. Mama mmoja wa Unguja, aliyepanga chumba jirani na chetu, akaja kubisha hodi.

“Shoga, niazime huyo kijana wako kesho. Nina laoban mgumu kama jiwe.”

“Huyu haazimwi, ni damu yangu.”

“Basi mguu mmoja tu.”

Nyumbani nilikuwa mtu wa kusubiriwa. Pale nikawa mtu wa kugombewa. Naona aibu kusema, lakini nilipenda. Na kwa kuwa nilipenda, nikaanza kuongeza. Nikaongeza kuguna. Nikaongeza kusimama na kushika mlango. Nilizidi kuwa mgonjwa kila bei ilipokuwa ngumu.

Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka la vikebe vya penseli. Nywele zake zilikuwa nyeupe, amezikata fupi, na mlangoni aliweka beseni lenye kobe. Huyo hakutikisika. Tulipoondoka hakubonyeza kitu. Alirudi kwenye bakuli lake la wali. Nilifika kwa kobe bila kuitwa. Ndipo nikaamua kuanguka kidogo.

Mguu wangu wa kulia haukunjiki, hauwezi kuigiza lolote. Wa kushoto, ule mzima, ndio ungelegea vizuri. Nikaulegeza. Gongo moja likaanguka karibu na beseni.

Yule mama alikuja mbio. Alileta kigoda alichokuwa amekalia, akanikalisha, akapandisha suruali yangu mguu wa kushoto, akausugua kwa mafuta yenye harufu ya kafuri mpaka goti likawaka moto. Kisha akabandika plasta ya dawa. Goti langu zima lilihudumiwa kama la mfalme, na lile bovu likabaki pembeni, limenyooka, linatazama. Bei ikashuka bila mtu kuomba.

Nje mama mdogo alishika nguzo kwa kucheka. “Kakusugua mguu mzima!”

Nilicheka naye. Lakini wakati tunatoka nilikuwa nimeona bakuli la wali juu ya kaunta, limepoa, vijiti vimelazwa juu yake. Alikuwa hajala hata nusu.

Tangu siku hiyo, kila tukipita, kigoda kilikuwa tayari mlangoni. Plasta hakutaka kulipwa. Nami ikabidi nichechemee mguu wa kushoto mbele yake, na wa kulia ni mbovu kweli, kwa hiyo sikuwa na mguu wa kusimamia. Niliyumba kama meza mbovu. Aliona nazidiwa, akaongeza plasta.

“Mama mdogo, nataka kumwambia ukweli.”

“Umwambie nini? Unaumwa, huumwi?”

“Naumwa.”

“Basi hujasema uongo. Umekosea upande tu.”

Simlaumu. Alinilisha, alinilipia sindano. Ila maneno yake hayakunitosha.

Kontena lilipokwenda bandari ya Huangpu, zilibaki siku mbili turudi. Kulikuwa na mwanafunzi wa kwetu anayejua Kichina, aliyekuja kwetu kila Jumapili kula pilau. Ningeweza kumwomba anitafsirie, lakini angejua nilichofanya. Nikaona haya. Nikaenda peke yangu, kwa mwendo wangu wa kweli, nikafika karibu adhuhuri.

Aliniona kwa mbali, akatoa kigoda. Nilionyesha mguu wa kushoto, nikapunga mkono: huu hapana. Nikaonyesha wa kulia, nikapiga kifua: huu ndio. Akaugusa. Akajaribu kuukunja taratibu, ukagoma. Akaweka kiganja mdomoni, na macho yakajaa machozi.

Hapo nikaelewa alichoelewa. Alidhani ugonjwa umehamia mguu wa pili.

Nilipunga mikono, nikatikisa kichwa, nikarudia yote tangu mwanzo. Kila niliporudia ndivyo alivyozidi kuhuzunika. Akaingia ndani, akatoka na boksi zima la plasta. Kisha akachukua kigoda chake, na kwa kuwa mikono yangu ina magongo, akakifunga mgongoni kwangu kwa kamba ya maboksi. Nilikwenda kuupunguza uongo, nikarudi nimeubeba. Nilipita kando ya beseni nikiwa na kigoda mgongoni. Kobe alitoa kichwa, akanitazama. Nilicheka na kulia kwa pamoja, na watu wote wakanipita.

Nimekikalia sasa hivi ninavyoandika. Ni kifupi, hakimfai mtu asiyekunja goti, na mguu wangu wa kulia umenyooka mbele kama unaomba kukanyagwa.

Wewe unayesoma, kama unakwenda Guangzhou au una ndugu huko anayejua Kichina, tafadhali pita Yide Lu utafute beseni la kobe mlangoni. Mwambie yule mama kwamba ni mguu wa kulia, tangu utotoni, na kwamba wa kushoto haujawahi kuumwa hata siku moja. Usinitetee. Halafu niandikie alichojibu, hata kama ni matusi. Andika kwa mwandiko wowote. Mimi nasoma polepole, lakini nitafika.