Siku Nilipofunga Zawadi kwa Jani la Isale

Jamani, hii habari nimeificha miaka mingi, na ningeendelea kuificha kama si mdogo wangu Nsia kuimwaga juzi kwenye kikao cha harusi mbele ya wakwe watarajiwa, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kabla haijaongezewa chumvi. Ndiyo, ni mimi. Mimi ndiye niliyesimamishwa mbele ya kanisa zima huko kwetu Machame, nimevaa viatu vya soli nene kama tofali, namweleza mchungaji habari za utepe.

Sisi tulikuwa watu wa Dar, ile miaka ya tisini ambayo vitu vya Dubai vilishajaa madukani na kila aliyepanda kwenda Kilimanjaro lazima apande navyo vionekane. Kwa kawaida Wachaga tunarudi nyumbani Desemba, hilo mnalijua, lakini mwaka ule Bibi aliandikisha barua kuwa anaumwa sana na hajui kama Krismasi itamkuta, basi Baba akachukua likizo mwezi wa sita, akatupakia wote kwenye gari. Tulipofika, baridi ya Juni ile na ukungu mpaka mlangoni, tukamkuta mgonjwa wetu anatoka shambani na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. "Nimepata nafuu," akasema, akatua mzigo. (Hapo pakumbukeni.)

Sasa, ng'ambo ya ua wa Bibi anakaa Baba mkubwa Anaeli, kaka yake Baba, tumbo moja kabisa, na wawili hawa walikuwa hawajasemeshana miaka minne. Sababu? Kidari cha mbuzi. Msicheke. Kwetu mbuzi akichinjwa kila nyama ina mwenyewe, na kidari ni cha kaka mkubwa, sasa Krismasi moja Baba alikuja na bosi wake kutoka Dar, akataka kumfurahisha, akamkatia kile kidari mgeni, Baba mkubwa akaitazama sahani inavyompita, akainuka, akajipangusa suruali, akaondoka bila kuaga. Tangu siku hiyo kanisani mmoja anakaa kulia, mwingine kushoto. Baba anasema nyama ni nyama, aliyeondoka bila kuaga ndiye aombe radhi. Baba mkubwa anasema yeye hana ugomvi na mtu, anasubiri tu. Na Bibi yuko katikati, anapika sufuria mbili za mtori wa ndizi ili kila mwana ale kwa wakati wake.

Siku ya Ijumaa Mama akaniita chumbani, akanipa boksi lenye sweta na kilo mbili za sukari. "Mpelekee Baba mkubwa wako," akanong'ona, "na baba yako asikuone."

Ningebeba tu boksi nikaenda, leo nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, nasoma Dar, najiona fundi wa kufunga zawadi, nimekuja na karatasi nyekundu za kung'aa na utepe, ila utepe wenyewe niliumaliza kwa shangazi zangu kwa kuwatengenezea maua makubwa kama kabichi. Nikatoka nje nikitafuta cha kufungia. Uani pale kuna ua wa masale, majani marefu, ya kijani, yanang'aa, magumu kukatika. Nikachuma moja, nikazungusha kamba ya mgomba kwenye boksi, na juu yake nikachomeka lile jani la isale nililolipiga fundo zuri sana.

(Wachaga mliopo hapa naona mmeshashika vichwa. Subirini.)

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda anamenya ndizi. Akaniangalia kwa muda.

"Aikande, hiyo ya nani?"

"Ya Baba mkubwa, Bibi."

Akamenya ndizi moja mpaka mwisho. "Haya. Kaza fundo vizuri, lisije likalegea njiani."

Mimi nikajua nimesifiwa ufundi! Nikakaza.

Baba mkubwa nilimkuta zizini. "Shikamoo Baba mkubwa." "Marahaba." Nikamnyooshea boksi, na kwa kuwa niliona si adabu kumwambia mtu mzima kwamba zawadi yake imekuja kwa kificho, nikaongeza kauongo kadogo tu, ka heshima: "Baba amekuletea."

Yule mzee akaliangalia jani. Akafuta mikono kwenye koti, akalipokea boksi kwa mikono miwili, midomo inamcheza. "Yeye mwenyewe amekutuma?" Nikasema ndiyo. "Mwambie nimepokea," akasema, akageukia ng'ombe haraka. Nikawaza, kumbe sukari huku imeadimika kiasi hiki! Salamu zenyewe sikuzifikisha, ningezifikishaje?

Jumapili tukaenda ibadani tumepiga pamba za Dar, Baba na suti mpya, tukaketi benchi la mbele ili tuonekane. Mahubiri yakaisha, matangazo yakaisha, mchungaji akasema kuna mzee ana neno la shukrani. Akainuka Baba mkubwa Anaeli. Ndani ya sweta letu! Akafungua Biblia yake, akatoa jani la isale lenye fundo, akaliinua juu, na kanisa zima likavuta pumzi kwa pamoja.

"Ndugu zangu," akasema, "mdogo wangu ameniletea isale. Mimi ni nani nikatae? Nimemsamehe."

Vigelegele! Kinamama wamesimama, mzee mmoja nyuma anapiga kelele "Aika! Aika!" kushukuru, na mimi napiga makofi kwa nguvu kuliko wote, sijui hata tunashangilia nini, mpaka Nsia aliyekuwa ameshamuuliza jirani akaninong'oneza: kwetu ukimkosea mtu unampelekea jani la isale lililofungwa fundo, ndiyo kuomba msamaha kwenyewe, na aliyeletewa hawezi kukataa. Mikono yangu ikabaki hewani.

Nikamtazama Baba. Baba alikuwa amekaa wima na suti yake, na katika ule ukimya baada ya vigelegele akauliza kwa sauti ambayo nadhani hakuikusudia iwe kubwa vile: "Isale gani?"

Mchungaji akavua miwani. Baba mkubwa akauliza taratibu, "Si ulimtuma Aikande?" na macho yote, ya kwaya, ya wazee wa kanisa, ya watoto wa Sunday school, yakanigeukia mimi. Mchungaji akaniita mbele. Vile viatu kwenye sakafu ya saruji vilipiga ko, ko, ko mpaka madhabahuni.

"Mwanangu, hili jani umepewa na nani?"

"Nimechuma mwenyewe," nikasema. "Nilikuwa... niliishiwa utepe."

Kicheko kilianzia kwaya kikafika nje. Lakini Baba mkubwa hakucheka. Alishusha ule mkono wenye jani polepole, akawa kama mtu aliyeitwa mezani akakuta wameshakula, na hapo ndipo nilipoona haya kweli kweli, haya ya kumfanyia mzee wa watu dhihaka ya mara ya pili, tena mbele za Mungu. Nikaanza kulia pale pale.

Ndipo Bibi akainuka. Akapita katikati ya mabenchi bila haraka, akalichukua lile jani mkononi mwa mwanawe mkubwa, akavuka upande wa pili, akaliweka kwenye mapaja ya Baba, juu ya suti.

"Mtoto alikosa utepe," akasema. "Wewe umekosa nini?"

Baba aliinama akaliangalia lile jani kwa muda mrefu. Kisha akasimama nalo, akavuka, akamnyooshea kaka yake kwa mikono yote miwili. "Kaka," akasema. Baba mkubwa alimvuta mpaka miwani ya Baba ikaanguka.

Mchana ule mbuzi alichinjwa, Baba akakata kidari kwa mkono wake, akakibeba mwenyewe mpaka kwa mwenyewe. Mimi nilipewa adhabu ya kuosha vyombo vya ukoo mzima kwa maji ya mfereji ya mwezi wa sita (vidole vilikufa ganzi), na jina: mpaka leo nikipanda Machame naitwa Utepe.

Bibi alikuja kukaa karibu yangu nikisugua masufuria. Nikamuuliza, "Bibi, uliniona nikilichuma lile jani. Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuwa naumwa," akajibu, uso mkavu kabisa. Kisha akaniongezea sufuria. "Niliwasubiri miaka minne hao. Nikuambie wewe ili iwe mitano?"

Tangu hapo nimeapa, sichumi hata jani la mchicha huko kwetu kabla ya kuuliza. Na wewe Nsia, uliyenianika mbele za wakwe, mimi sina ugomvi na mtu. Nasubiri tu.