Mwalimu Havyarimana na Kiti cha Kulia

Mawingu yalipoachana, Kibondo ilijitokeza chini ya bawa la kushoto: mabati machache yaliyolowa, kanisa la matofali mekundu, migomba isiyo na mwisho, na kiwanja cha ndege ambacho Kapteni Shamsi alikidhania mwanzoni kuwa ni barabara iliyotelekezwa na mkandarasi. Maishani mwake alikuwa ametua kwenye mchanga wa Somalia na kwenye lami ya Angola iliyotobolewa na mabomu. Hapa hakuwahi kufika. Mwaka ule wa 1997, kambi za wakimbizi zilipokuwa zimejaa, kampuni yake ndogo ya mizigo ilipewa kazi ya kupeleka dawa na blanketi za kambi ya Nduta. Shamsi, rubani mkuu, alikuja mwenyewe kwa sababu ya mtu aliyeketi kiti cha kulia, cha rubani msaidizi.

Mtu huyo aliitwa Havyarimana, na watu wote isipokuwa Shamsi, hata wapagazi wa Mwanza, walimwita Mwalimu. Alikuwa amefundisha urubani miaka mingi katika chuo kimoja huko kaskazini. Sasa alitaka kurusha ndege za mizigo. Alikuwa kwenye majaribio tangu masika yaanze, na leo ndiyo siku ambayo Shamsi alitakiwa kusema: anaajiriwa, au anarudi chuoni.

Ndege ilishuka. Ilikuwa imebaki kimo cha mnazi hivi kugusa ardhi, Shamsi alipowaona ng'ombe. Kundi zima, wenye pembe ndefu, wakivuka kiwanja kwa mwendo wa watu wanaotoka msibani. Shamsi alisukuma wenzo wa moto, akainua pua ya ndege, injini ikanguruma, pembe zikapita chini ya magurudumu.

Walizunguka juu ya mji. Shamsi akauliza, "Uliwaona?"

"Niliwaona, Kapteni."

"Wakati gani?"

"Tulipokuwa juu ya kanisa."

"Juu ya kanisa! Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakupa nafasi uwaone mwenyewe."

Shamsi alimtazama. "Unipe nafasi mimi?"

"Ungechelewa zaidi kidogo ningeshika usukani. Mikono yangu ilikuwa tayari."

Na kweli ilikuwa tayari. Ilikuwa juu ya magoti, viganja wazi, imetulia kama mikono ya mtu anayesubiri kunawishwa. Shamsi alikuwa ameichukia mikono ile kwa wiki nyingi sasa. Asubuhi ileile, Mwanza, Havyarimana alisimama akiwatazama wapagazi wakipanga katoni za dawa chini ya mizigo mizito, asiseme neno, mpaka wakagundua wenyewe na kuanza upya huku jua likipanda. Alipoulizwa alijibu kwamba aliyekosea na kujisahihisha harudii. Pengine alikuwa na haki. Lakini ile ilikuwa ndege ya mizigo, haikuwa darasa.

Walitua. Havyarimana alikuwa bado hajafunga mlango vizuri alipovamiwa na watu wa kwao. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, akavushwa mpaka wa nchi mgongoni mwa mama yake wakati wa machafuko ya miaka ya sitini, akakulia kijiji cha Busunzu, si mbali na hapo, kwenye shamba la maharage, mapadre wakamsomesha. Kila aliyefika alimshika mikono yote miwili juu ya kiwiko, akimsalimu kwa Kiha. "Mwidiwe!" "Mwidiwe!" Akaulizwa habari za safari, za watoto, za mvua ya Mwanza, na kila swali likajibiwa, na kila jibu likaulizwa tena kwa njia nyingine. Shamsi alisimama pembeni na karatasi za mizigo zikipeperuka. Kwao Tanga nako salamu ni ndefu, lakini zina mwisho.

"Kapteni, njoo unywe chai, hao hawamalizi leo," alisema Hilali, mwenye duka mjini, ambaye ndiye aliyekuwa wakala wa kampuni pale kiwanjani. Kibanda chake kilikuwa na benchi, jiko la mkaa, na redio ya mawasiliano iliyokoroma kama mgonjwa. "Umewaonaje ng'ombe wetu?"

"Nimewaona karibu sana."

"Wameshazoea. Ndege ndiyo haijazoea."

Mkewe Havyarimana, Esteri, alikuwa ameshaketi kwenye benchi, kanga imefungwa vizuri, kapu la ndizi miguuni. Alimpa Shamsi mkono kwa heshima, akauliza habari za nyumbani, kisha akaingia kwenye jambo lake.

"Kapteni, unamchukua au humchukui?"

"Shemeji, hata chai sijanywa."

"Kunywa. Lakini leo utuambie. Vyombo nimevifungasha mara mbili kwenda Mwanza, nimevifungua mara mbili. Mtoto wetu Divine ameacha kuuliza kama anahama shule. Mume wangu amefundisha watu, watu wamepanda vyeo. Mwanafunzi wake mmoja alikutana naye uwanja wa Dar es Salaam, tayari ana mistari minne ya ukapteni begani, akamwomba radhi kwa kumtangulia. Mume wangu alirudi nyumbani, hakula siku ile."

Shamsi alizungusha kikombe. "Shemeji, nikuambie ukweli. Kurusha anajua. Hakuna hata mwanafunzi wake mmoja aliyevunja ndege. Lakini hasemi! Anaona kosa, anakaa nalo. Mimi si mwanafunzi wake."

Esteri alicheka bila furaha. "Unaniambia mimi? Maharage yakiungua, ananusa, ananyamaza, ananitazama. Nikimwuliza, anasema alitaka nijue harufu yake. Ego, naam! Harufu ya maharage ya kuungua nimeijua kabla sijamjua yeye."

Hilali alicheka mpaka chai ikamwagika. "Mama Divine, huyo ungempeleka kwa mganga."

Redio iliita kutoka Kasulu. Hilali alisikiliza, akarudia maneno kwa sauti, kisha akageuka. Pampu ya maji ya Nduta ilikuwa imefika Kasulu na kukwama. Barabara ilikuwa tope tupu, lori lililojaribu lilikuwa limezama hadi kwenye ekseli. Kambini watu walikuwa wanachota kwenye vijito. Je, ndege inaweza kuifuata leo, ilale Kasulu, iilete asubuhi?

"Ina uzito gani?" Shamsi aliuliza. Alipojibiwa, alikodoa macho, akatoka nje, akaikagua ndege iliyokwisha kushushwa mizigo, akatazama kiwanja kilivyolowa na kinavyopanda kilima upande wa mwisho. Kwa mafuta yaliyokuwemo, uzito ule ungebebeka kama mtu mmoja angebaki chini.

Kwa kawaida angekwenda yeye. Havyarimana angebaki na jamaa zake, na kesho Shamsi angeandika ripoti: rubani mzuri, hafai. Ingekuwa rahisi. Tena ingekuwa kweli.

Ndipo alipomwona Havyarimana akitoka kwenye umati, akija kwenye ndege, akaenda mwenyewe kwenye mlango wa kulia. Hakuna aliyemwambia. Miguu yake ilikuwa inajua njia hiyo tu.

"Mwalimu!" Shamsi aliita. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na hakupenda ladha yake. "Zunguka. Kaa kushoto."

"Kapteni?"

"Unakwenda Kasulu peke yako. Unalala. Kesho unaleta pampu. Ukiileta salama, kazi ni yako na ripoti naandika hapa hapa kwa Hilali. Usipoileta, rudi ukafundishe."

Havyarimana aliachia kitasa cha mlango. "Lakini wewe ndiye mkaguzi wangu. Ukiwepo..."

"Nikiwepo ndiyo ugonjwa wako. Mtu akiwa karibu nawe, lazima umfundishe. Basi leo hakuna wa kumfundisha. Kaa kushoto, bwana, mvua inakuja!"

Havyarimana alitazama kiti cha kushoto, cha kapteni, kama nyumba ya mtu mwingine. Esteri, aliyekuwa amefuata mpaka kwenye bawa, alisema neno moja la Kiha, fupi, la ukali. Mumewe akazunguka, akapanda.

Injini iliwaka. Ndege ilikwenda mpaka mwanzo wa kiwanja, ikageuka, ikasimama. Shamsi alisimama nje ya kibanda, akafuata kwa macho mstari wa majani mpaka mwisho wake. Ng'ombe walikuwa wanarudi.

"Hilali! Mwite kwenye redio! Mwambie!"

"Subiri wewe," alisema Esteri, akimshika mkono.

"Shemeji, atawagonga!"

"Nimesema subiri."

Ndege haikusogea. Dirisha dogo la kushoto lilifunguka, mkono ukatoka, kisha kichwa, na Mwalimu Havyarimana akapiga kelele. Alipiga kelele kwa Kiha, kwa sauti iliyoishinda injini, na maneno yake hayakuwa ya kumpa mtu nafasi ya kujifunza. Mama aliyewachunga wale ng'ombe alishtuka, akaanza kuwacharaza fimbo huku akijibu matusi kwa matusi. Kiwanja kikawa wazi.

"Mana wee," Esteri alisema polepole. "Miaka yote hii, sijawahi kumsikia akifoka."

Ndege ilikimbia, ikarusha tope, ikainuka mapema kuliko Shamsi alivyotarajia, ikapita juu ya kanisa na kuelekea kusini, Kasulu, chini ya wingu jeusi. Shamsi alipumua. Akarudi kwenye benchi, akakaa, akanyoosha miguu, akamwomba Hilali karatasi na kalamu. Halafu akapapasa chini ya benchi, akapapasa tena.

"Unatafuta nini, Kapteni?"

"Mfuko wangu. Chandarua, dawa za malaria, kandambili, chakula changu cha jioni."

"Umeuacha wapi?"

"Nyuma ya kiti cha kushoto." Shamsi alitazama kilima, ambako ndege ilikuwa imebaki nukta. "Aliuona. Alipokaa tu aliuona, naapa."

Esteri alishusha kapu, akachambua ndizi zilizoiva.

"Aliuona, shemeji," alisema. "Kula."