Kidole cha Minza

Coleta, fundi magari wa Malangali, hapendi kuharakishwa. Mteja anayemsimamia mgongoni akiuliza "bado?" huambiwa akaote jua. Jana aliambiwa Minza, mfugaji aliyeleta pikapu kuukuu inayozimika kila ifikapo mlimani.

"Mama, kabla sijafungua hii pampu ya mafuta nilizipiga alama nusu zake mbili kwa tupa. Zisipokutana alama, naanza upya. Kakae!"

Akaweka ndani mpira mpya wa kuvuta mafuta, akafunika, akakutanisha alama, akakaza skrubu zote. Kisha akamwita.

"Ziba kwa kidole hapa mafuta yanapoingilia. Nikichezesha huu mkono wa pampu, sikiliza kama inavuta."

Minza alishtuka kidole kilipovutwa, halafu akatulia, amefumba macho. Ndivyo anavyofanya zizini kila ndama anapozaliwa: humtia kidole mdomoni anyonye, ajue kama ana nguvu.

"Vipi, bado?" Coleta akauliza.

"Tulia, fundi."

Coleta akatulia, akaendelea kuchezesha. Mara ya nne Minza akafumbua macho, akacheka.

"Ananyonya huyu. Ataishi."