Seva ya Mezani kwa Zhivka

Miaka yote aliyotengeneza tovuti mjini Smolyan, Bulgaria, Zhivka Karaslavova hakukerwa na kitu chochote kama tabia ya ofisini kwao ya kurekebisha tovuti huku watu wanaitumia. Kwake ilikuwa sawa na kufungua breki za basi lililojaa abiria, nalo linateremka mlima.

Mchana mmoja hakwenda kula. Alisimika seva, programu ya PHP inayoendesha kurasa, na hifadhidata ndani ya kompyuta yake, akanakili tovuti ya zahanati ya macho. Sasa angeweza kuharibu na kutengeneza, na nje ya meza ile hakuna ambaye angeona.

"Eh, bi mkubwa!" Plamen, bosi wao, akacheka. "Umejifungulia intaneti yako?"

"Tuweke kwenye kompyuta zote, bosi. Tujaribu hapa kwanza."

"Tujaribu nini? Mteja akipiga simu namrekebishia palepale. Anafurahi."

Hiyo ndiyo elimu yake! Mteja anafurahi, basi.

Ikafika siku ya Mtakatifu Atanas. Mwenzao Atanas alileta chokoleti, banitsa ya moto, ile keki ya jibini, na chupa ya rakia, pombe kali ya matunda, maana kwao mwenye jina la mtakatifu wa siku ndiye anayekirimu. Katikati ya nyimbo simu ikalia: zahanati walitaka saa za kazi zibadilishwe kwenye ukurasa wa miadi. Plamen akaingia kwenye tovuti yenyewe, glasi mkononi, akahariri, akahifadhi, akarudi mezani. Alisahau kufunga bano moja kwenye msimbo. Ukurasa wa miadi ukawa mweupe pe, na hakuna aliyeutazama tena siku ile.

Asubuhi nesi wa zahanati akapiga kwa hasira, Zhivka akapokea. Watu wa vijijini walishindwa kuweka miadi. Bibi mmoja alikuwa ameteremka hivyohivyo kwenye theluji bila miadi, yuko benchini na jicho limevimba, na daktari amejaa.

Zhivka alichukua ukurasa ulio mzima kutoka kwenye nakala yake, akaupandisha kwenye tovuti. Tovuti ikafunguka. Alipotaka kumjibu nesi, aliyekuwa bado kwenye simu, Plamen akaziba simu kwa kiganja.

"Mwambie ulikuwa unachezea hiyo seva yako. Wewe wanakupenda, watakusamehe. Halafu uifute, yaishe."

Yaani kitu pekee kilichowaokoa ndicho kibebe lawama? Zhivka aliusukuma ule mkono.

"Dada, ukurasa umerudi. Bosi wetu ndiye aliyeuharibu, aliuhariri jana katikati ya sherehe. Mimi sikuugusa. Tafadhali, mwombeeni yule bibi nafasi leo hii."

Nesi akasema, "Haya. Nitamwingiza kabla ya chakula cha mchana."

"Umeniaibisha!" Plamen alifoka simu ilipokatika.

"Aibu iko kwenye lile benchi, bosi. Nenda ukaitazame. Na seva siifuti. Ukitaka, nifukuze."

Atanas akapangusa makombo ya banitsa mezani kwake, akavuta kiti cha pili.

"Zhivka," alisema bila kumtazama bosi, "njoo uniwekee na mimi hiyo seva."